Daredevil kwa vipindi, si kwa namba: tuliyojifunza kwa gharama

Kosa la kwanza katika kukusanya komiki za shujaa Daredevil hufanyika kabla hujaufikia mfuko wako. Ni kudhani kwamba "Daredevil namba 1" ni kitu kimoja. Kufikia mwaka 2023 zilikuwa zimetoka namba 1 nane. Ya kwanza kabisa ina tarehe ya Aprili 1964, Stan Lee akiandika na Bill Everett akichora, ikauzwa senti 12. Nyingine zilifuata mwaka 1998, 2011, 2014, 2015, 2019, 2022 na 2023. Mtu akikuambia anauza "Daredevil 1 hadi 10" bila kutaja mwaka, bado hajakuambia kitu, na wewe ukilipa bila kuuliza utaletewa usichokitaka.

Hesabu yenyewe si ngumu ukiifahamu mara moja, na kuielewa kumewaokoa wengi pesa na usiku wa kutafuta kisichokuwapo. Mfululizo wa kwanza uliisha namba 380, mwaka 1998. Wa pili ukaanza upya na kufika 119. Toleo lililofuata halikuitwa 120. Liliitwa 500, kwa sababu 380 na 119 ni 499, na wachapishaji, Marvel, walitaka kuadhimisha idadi kamili. Kwa hiyo katika mfululizo wa pili hakuna namba 120 wala 250 wala 499. Wapo waliotafuta namba hizo kwa miezi. Kutoka 500 hesabu ilikwenda hadi 512, kisha ikakatwa tena: mfululizo wa 2011 una matoleo 36, wa 2014 una 18, wa 2015 una 28. Ukivijumlisha na 512 unapata 594, na ndiyo maana toleo la 2017 lililofuata namba 28 liliandikwa 595. Likaendelea hadi 612, halafu 2019 wakaanza tena na 1.

Usiamini namba ya jaladani peke yake. Fungua ndani utafute yale maandishi madogo ya mchapishaji, kwa kawaida chini ya ukurasa wa kwanza katika matoleo ya zamani. Hapo pana jina kamili la mfululizo, namba ya toleo, mwezi na mwaka. Ukinunua kwa picha, omba picha ya sehemu hiyo. Muuzaji wa kweli haoni tabu kukutumia. Kumbuka pia kwamba mwezi ulioandikwa jaladani huja baada ya mwezi komiki ilipofika madukani, mara nyingi kwa miezi miwili au mitatu, kwa hiyo usishangae ukisoma kwamba toleo lenye tarehe ya Januari lilisomwa Oktoba.

Mitego mingine midogo ya namba: matoleo maalumu ya mwaka yana namba 4 mbili, moja ya 1976 na nyingine ya 1989, kwa sababu hesabu ilikosewa. Na mifululizo ya 2011 na 2014 ina matoleo yenye nukta: 10.1 katika ule wa 2011, kisha 0.1, 1.50 na 15.1 katika ule wa 2014. Orodha nyingi za wauzaji huyaruka. Ukishanunua "seti kamili", hayo ndiyo ya kuyahesabu kwanza.

Baada ya hesabu huja kosa la pili, nalo ndilo lililotugharimu zaidi: kukusanya kwa kufuata namba mfululizo. Unaanza 1, unataka 2, unataka 3, na mwaka mzima unapita ukinunua matoleo ambayo huna hamu ya kuyafungua mara ya pili. Matt Murdock, wakili kipofu wa Hell's Kitchen mjini New York ambaye kwa siri ndiye Daredevil, ni mhusika anayebadilika sana kulingana na nani anamwandika. Kuna miaka ambayo kitabu chake ni cha kusahaulika. Kuna miaka ambayo hakuna komiki ya shujaa yeyote inayokifikia. Kwa hiyo kusanya kwa vipindi: chukua matoleo ya mwandishi mmoja, tangu aliposhika kalamu hadi alipoiweka chini, na ujue mipaka yake kwa namba kamili kabla ya kununua hata moja.

Mipaka hiyo ndiyo mahali pesa zinapopotea, kwa hiyo nitaieleza kwa utulivu.

Frank Miller aliingia kama mchoraji namba 158, Mei 1979, Roger McKenzie akiandika na Klaus Janson akipaka wino. Wakati huo kitabu kilikuwa kinatoka kila baada ya miezi miwili, dalili ya mauzo dhaifu. Miller akaanza kuandika mwenyewe namba 168, Januari 1981, na katika toleo hilohilo akamleta Elektra, muuaji wa kukodiwa aliyewahi kuwa mpenzi wa Murdock. Kipindi chake kinaisha 191, Februari 1983. Ndani yake kuna kipande kisicho chake: namba 162 imechorwa na Steve Ditko, ni hadithi ya kujaza nafasi, na mikusanyiko mingi ya kipindi cha Miller huiruka. Ukiona kitabu kinachotaja 158 hadi 161, kisha 163 hadi 191, hakuna kurasa zilizopotea. Na usimsahau Janson. Kuelekea mwisho Miller alikuwa anapanga kurasa tu, Janson akizimalizia, na zile kuta nyeusi za New York unazozikumbuka zina mkono wake sawa na wa Miller.

Bei katika kipindi hiki haziendi pamoja na ubora wa hadithi. Zinafuata "mara ya kwanza": 158 kwa sababu Miller anaanza, 168 kwa sababu ya Elektra, na nyuma kidogo 131, Machi 1976, kwa sababu muuaji Bullseye anaonekana kwa mara ya kwanza. Toleo la 181, Aprili 1982, ambamo Bullseye anamuua Elektra, ndilo lenye jina kubwa kuliko yote, lakini si adimu. Ni toleo nene lililonunuliwa kwa wingi na kuhifadhiwa vizuri tangu siku ya kwanza, na nakala safi zipo nyingi. Anayekuuzia 181 kwa hoja kwamba ni vigumu kulipata, mwache uende kwa mwingine. Matoleo ya 169 hadi 180 na 182 hadi 190 kwa kawaida hupatikana kwa bei ya chini kabisa, na humo ndimo hadithi yenyewe ilimo: Kingpin, mkuu wa wahalifu, anarudi New York, mwandishi wa habari Ben Urich anachunguza mambo yake, Bullseye anaanza kuchanganyikiwa. Kununua 168 na 181 peke yake ni sawa na kuwa na jalada bila kitabu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kipindi hiki ni kugawanya. Nunua matoleo ya bei nafuu kama yalivyotoka, kwenye karatasi yake ya zamani, na kwa yale matatu ghali tumia mkusanyiko mpaka utakapokuwa na uwezo. Hadithi haitakatika, na hutalazimika kuchukua nakala mbovu ya 168 kwa sababu ya haraka. Haraka hiyo imewaumiza wengi. Unapata nakala yenye mgongo uliopasuka, unalipa, na baada ya miezi unanunua nyingine nzuri zaidi, na ile ya kwanza hakuna anayeitaka.

Miller alirudi. Toleo la 219 ni lake, likichorwa na John Buscema. La 226 aliliandika pamoja na Denny O'Neil. Kisha ikaja hadithi iitwayo Born Again akiwa na mchoraji David Mazzucchelli, Februari hadi Agosti 1986. Hapa kuna mtego unaouma. Wauzaji wengi hufunga 227 hadi 231 na kuiita hadithi kamili. Siyo. Askari Nuke anaingia 232 na mambo yanafungwa 233. Ukiishia 231 umemwacha Murdock katikati ya vita ambayo bado haijapiganwa. Nunua saba, si tano. Matoleo haya hununulika, na kama kuna kitu kimoja tu utakachomiliki katika karatasi ya asili, kiwe hiki. Mazzucchelli alijua karatasi ile inavyokunywa wino. Rangi za Christie Scheele zilipangwa kwa ajili yake, na katika uchapishaji mpya wenye karatasi nyeupe inayong'aa, rangi zilezile huonekana kali kupita kiasi.

Kipindi kinachofuata ndicho ninachokipigania kila ninapopata nafasi. Ann Nocenti aliandika 236, kisha akashika kitabu kuanzia 238 hadi 291, mwaka 1991, akiwa na mapengo machache. John Romita Jr. alijiunga naye namba 250, Januari 1988, Al Williamson akipaka wino, wakaenda pamoja mpaka 282. Adui Typhoid Mary anaingia 254. Nocenti alichukua mji ulioachwa na Miller akauliza maswali mengine: wakili anayepiga watu usiku anawatetea akina nani mchana? Watoto wa mtaani wanajifunza nini wakimtazama? Baadaye anamtoa Murdock mjini kabisa, anatembea kwenye barabara za mashambani, na mwishowe anakutana na shetani Mephisto. Wengine waliona imepotoka. Kwangu ndiyo sehemu yenye ujasiri kuliko zote katika historia ya kitabu hiki. Na ukitoa 254, matoleo yake hukaa kwenye masanduku ya bei ya chini kabisa. Mtu mwenye subira anaweza kukamilisha sehemu kubwa ya kipindi hiki kwa gharama ya toleo moja la 131. Anza nacho kama bajeti ni ndogo.

Baada ya Nocenti, D.G. Chichester ana kito kimoja: 297 hadi 300, kikichorwa na Lee Weeks, ambamo Kingpin anaporomoshwa. Kisome mara tu baada ya Born Again, maana ni jibu lake. Yanayofuata, pamoja na lile vazi la deraya lililoanza katika hadithi ya 319 hadi 325, yanunue ukiwa na udadisi tu.

Na kabla ya Miller? Gene Colan alichora kuanzia 20 na kufika 100 kwa kukosa matoleo machache sana. Ukimpenda Colan, na ni vigumu kutompenda, ana ukungu na mwendo ambao hakuna aliyemwiga vizuri, huhitaji kununua yote themanini. Chukua 47, Desemba 1968, hadithi ya askari aliyepofuka vitani, uone kama inakugusa. Namba 7 ya Wally Wood, ambamo vazi la manjano linakuwa jekundu, ni nzuri kwelikweli na ni ghali kwelikweli. Isome katika mkusanyiko.

Mfululizo wa 1998 una mipaka iliyochanganyika kuliko yote, na hapa ndipo barua za kuomba msaada hutoka. Namba 1 hadi 8 ni Kevin Smith na Joe Quesada. David Mack anaandika 9 hadi 15 isipokuwa 12, na Echo, mpiganaji kiziwi, anaonekana mara ya kwanza namba 9. Brian Michael Bendis anaingia 16 hadi 19, lakini mchoraji ni Mack, si Alex Maleev. Halafu 20 hadi 25 ni za Bob Gale, hadithi nyingine kabisa. Bendis anarudi 26 akiwa na Maleev, anakwenda hadi 50. Namba 51 hadi 55 ni za Mack tena, kuhusu Echo. Bendis na Maleev wanarejea 56 na kumaliza 81, mwaka 2006. Kwa hiyo mtu akikuuzia "Bendis kamili, 26 hadi 81", hesabu vizuri: matano kati ya hayo si yake, na manne yaliyo yake, 16 hadi 19, hayamo. Si udanganyifu kila mara. Wauzaji wengi hawajui.

Kipindi hicho kinastahili shida yote hiyo. Namba 32 siri ya Murdock inachapishwa gazetini, na hadithi haikimbii matokeo yake. Inayabeba miaka minne, mpaka 81 ambapo anaishia mikononi mwa polisi wa shirikisho. Hapo usisimame. Ed Brubaker na mchoraji Michael Lark wanachukua 82 wakiwa na Murdock gerezani, na 82 hadi 87 ni mwendelezo wa moja kwa moja. Tangu 26 hadi 119 na 500 ni kama riwaya moja ndefu yenye waandishi wawili, na ukiwa na nafasi ya kipindi kimoja tu cha karne hii, hiki ndicho. Ila baada ya 500 kuna mteremko. Soma 501 na kuendelea kwa kuazima kwanza.

Mark Waid, 2011, alileta mwanga: Murdock anacheka tena. Paolo Rivera na Marcos Martin walianza kuchora, Chris Samnee akaja namba 12 na kubaki hadi mwisho wa mfululizo wa 2014. Kipindi hiki ni mifululizo miwili yenye namba 1 mbili, 36 kisha 18, na anayenunua mmoja tu anaacha hadithi katikati ya safari ya San Francisco. Charles Soule anafuata 2015, na Chip Zdarsky akiwa na Marco Checchetto kuanzia 2019: matoleo 36, kisha 14 ya mfululizo wa 2022. Kati ya hayo mawili kuna hadithi ya Devil's Reign, yenye matoleo yake mwenyewe, na ukiiruka utafungua namba 1 ya 2022 ukijiuliza umekosa nini.

Sasa umbo la kununua. Matoleo mamojamoja yana matangazo, barua za wasomaji, harufu. Ni mazuri, yanakula nafasi, na yanataka utunzaji. Vitabu vya Epic Collection vya jalada laini hubeba matoleo mengi kwa pamoja na hufuata mpangilio wa hadithi, lakini havitolewi kwa mpangilio wa namba zake: juzuu ya 18 inaweza kutoka kabla ya ya 5. Pengo katika rafu si lazima liwe kosa lako. Omnibus, kitabu kikubwa cha jalada gumu, ni tofali. Kile cha Miller na Janson kina zaidi ya kurasa 800. Hukisomi umelala, na katika mshono wa katikati baadhi ya michoro inayovuka kurasa mbili humezwa. Karatasi yake ni safi na imeshonwa, inadumu.

Ugumu wa Omnibus ni kwamba vikiisha dukani, bei hupanda haraka, mara nyingine maradufu, kisha mchapishaji anachapa upya na bei inaanguka. Tumeona watu wakilipa fedha nyingi mno miezi michache kabla ya chapa mpya. Ukikosa kimoja, subiri. Soma hadithi hiyo kwa njia ya kidijitali wakati unasubiri. Huduma ya Marvel Unlimited ina sehemu kubwa ya mfululizo huu, na kusoma kwanza kwenye skrini ndiyo kinga bora dhidi ya kununua kipindi ambacho hutakirudia.

Jambo jingine kuhusu mikusanyiko: kabla ya kulipa, andika orodha ya namba zilizomo katika kila kitabu ulicho nacho na unachokitaka. Kuna mikusanyiko ya Born Again pekee, kuna inayoiweka pamoja na hadithi nyingine za Miller, na kuna Epic Collection ya miaka hiyohiyo. Mtu anaweza kuimiliki hadithi ileile mara tatu bila kukusudia. Hutokea. Na aibu yake ni kubwa, kwa sababu gharama ya nakala ya tatu ingetosha kukamilisha nusu ya Nocenti.

Kuhusu hali ya nakala. Daraja hupimwa kuanzia 0.5 hadi 10.0. Nakala ya 9.4 huonekana kama mpya, 8.0 ina mikwaruzo midogo, 6.0 imesomwa kwa heshima, 4.0 imechoka lakini kamili, 2.0 imeteseka. Kwa msomaji, 4.0 hadi 6.0 inatosha kabisa kwa matoleo ya zamani, na tofauti ya bei kati ya 6.0 na 9.4 katika toleo kama 131 ni kubwa kuliko tofauti utakayoihisi ukiwa unasoma. Kwa matoleo ya miaka ya 1980 kuja mbele, ambayo yapo mengi, usikubali chini ya 8.0 isipokuwa ni ya bure.

Omba picha nne: jalada la mbele, la nyuma, mgongo kwa karibu, na ukurasa wa katikati ambapo pini zinaonekana. Pini zenye kutu zimekaa kwenye unyevu, na kutu hula karatasi inayozizunguka mpaka ukurasa wa katikati ukaachia. Mistari midogo myeupe kwenye mgongo ni dalili ya kukunjwa, na rangi ikishakatika hairudi. Mkunjo usiokata rangi unaweza kunyooshwa na mtaalamu kwa joto na shinikizo. Uliokata rangi hauwezi. Jalada la nyuma ndilo husema ukweli, kwa sababu ndilo hubeba madoa ya maji na alama za kikombe.

Kwa matoleo ya 1974 hadi 1976 kuna swali moja la lazima: stempu ipo? Miaka hiyo Marvel ilikuwa ikichapisha stempu ndogo za kukata katika kurasa za ndani, na watoto walizikata kama walivyoambiwa. Jalada linaweza kuwa zuri ajabu huku ndani kukiwa na dirisha. Nakala yenye stempu iliyokatwa haijakamilika, na bei yake inapaswa kushuka sana. Muuzaji aseme kwa maandishi kwamba kurasa zimehesabiwa.

Jihadhari pia na ukarabati uliofichwa. Wino mweusi wa kalamu kwenye mgongo huonekana ukiangalia upande wa ndani wa jalada, maana hupenya. Kingo zilizokatwa upya huwa zimenyooka kupita kiasi na nakala inakuwa fupi kuliko wenzake. Iweke juu ya nyingine ya mwaka uleule ulinganishe. Katika makasha magumu ya CGC, kampuni ya kupima daraja iliyoanza 2000, rangi ya lebo inakuambia: buluu ni ya kawaida, zambarau imekarabatiwa, njano ina saini iliyoshuhudiwa, kijani ina kasoro iliyotajwa. Kasha ni la kufaa kwa nakala ghali unayoinunua bila kuishika. Kwa komiki ya kusoma, ni kufuli.

Halafu kuna nakala za kumbukumbu zinazochapishwa siku hizi zikiwa na jalada na matangazo yaleyale ya zamani. Zenyewe ni nzuri sana na bei yake ni ndogo. Shida huja zinapouzwa na mtu kama za asili. Tazama bei iliyochapwa jaladani, msimbo wa mistari, na maandishi madogo ya ndani. Bei ya dola kadhaa kwenye komiki inayodai kuwa ya 1964 imemaliza mjadala.

Utaona pia tofauti ya kona ya chini ya jalada katika matoleo ya Miller: mengine yana msimbo wa mistari, mengine yana kichwa kidogo cha Spider-Man au kisanduku kilichokatwa mstari. Ya kwanza yaliuzwa kwenye vibanda vya magazeti, ya pili kwenye maduka ya komiki. Hadithi ni ileile neno kwa neno. Wapo wanaolipa zaidi kwa ya vibandani. Kama si wewe, chukua yoyote iliyo safi.

Utunzaji unaanza siku komiki inapofika. Karatasi ya zamani ina asidi ndani yake na inajichoma taratibu kuwa ya manjano. Joto, mwanga na unyevu huharakisha. Weka kila toleo katika mfuko wa plastiki wa polipropilini pamoja na kadi ngumu isiyo na asidi nyuma yake. Mifuko hiyo ibadilishe baada ya miaka mitano hadi saba. Ile ya Mylar ni ghali lakini hudumu miongo, na inafaa kwa yale machache ya thamani. Pima kwa rula kabla ya kununua mifuko mia: matoleo ya miaka ya 1960 ni mapana na huhitaji mfuko wa karibu inchi 7 na 1/8, ya sasa huingia katika inchi 6 na 7/8. Kulazimisha komiki pana kwenye mfuko mwembamba hukunja kona ambayo imevumilia miaka hamsini. Matoleo manene kama 181, 300 na 500 yanahitaji mfuko mpana zaidi.

Yasimamishe wima kwenye sanduku, yakiwa yamebanana kiasi cha kusimama lakini mkono upite. Sanduku lisilojaa huyafanya yalale upande, na mgongo ukipinda kwa mwaka mzima haunyooki. Sanduku lisikae sakafuni, maana maji ya bomba lililopasuka huanzia hapo, wala lisiguse ukuta wenye ubaridi. Chumba cha nyuzi joto 20 hivi na unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndicho kinachofaa. Kama unyevu ni mwingi, weka vifuko vya kufyonza unyevu na uvibadilishe. Utepe wa kufungia mfuko uugeuzie nyuma, na unapoichomoa komiki, ubandue kabisa kwanza. Utepe uliogusa jalada huondoka na rangi, na jambo hili limeharibu nakala nzuri nyingi kuliko mafuriko.

Mwisho, daftari. Liwe jedwali la kompyuta au karatasi, liwe na safu hizi: mwaka wa mfululizo, namba, mwandishi, hali, bei uliyolipa, na mahali ilipo sandukuni. Mwaka wa mfululizo uwe safu ya kwanza, kabla ya namba. Beba nakala yake kwenye simu kila unapokwenda kununua. Siku utakapokuta sanduku la matoleo ya Nocenti kwa bei ya kutupa, na utalikuta, usitegemee kumbukumbu kujua kama 263 unayo au ni 273.